Draiva Niliyoing'oa kwa Majivuno

Mwanangu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka hata leo, na mvi hizi zote, natamani kujipiga kofi. Mnanikumbusha ninyi wenyewe. Mnakuja dukani kwangu hapa Tarime mmebeba kompyuta yenye kioo cheusi, mnasema, "Shikamoo mzee, nimeweka draiva mpya imegoma." Marahaba. Nikiuliza ile ya zamani iko wapi, mnaangalia viatu. Wiki hii peke yake mmekuja watatu! Nimechoka kusema kwa mdomo, sasa naandika. Niliishia darasa la nne, kwa hiyo ukikuta herufi imekosewa, iruke, shika neno.

Nilikuwa kijana wakati rashi ya dhahabu, yaani watu kukimbilia machimbo mapya, ilipolipuka upande wa Busawe. Lilikuwa shamba la mihogo la mtu, na kabla mwezi haujaisha likawa mji wa maturubai. Wenzangu wakashuka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, kuchimba. Mimi niliingia duara mara mbili, udongo ukanidondokea shingoni, nikasema hapana, mama hakunizaa nizikwe nikiwa hai. Nikafungua banda la video. Jenereta, mabenchi, projekta, na kompyuta moja ya mtumba. Nilirekodi na harusi pia. Sikufundishwa na mtu darasani, nilijifunza kwa kuharibu.

Ndani ya kompyuta ile, Mwita, mtoto wa shangazi yangu wa Isebania, ng'ambo ya mpaka Kenya, alikuwa ameniwekea Linux, mfumo ule wa bure ambao kila mtu anaruhusiwa kuufungua aone umeundwaje. Flashi za wachimbaji zilikuwa na virusi vingi kuliko viroboto wa mbwa, lakini kompyuta yangu haikuugua hata siku moja. Sasa, kompyuta ina kadi ya picha, na kadi hiyo haifanyi kazi bila draiva, yaani programu ndogo inayouwezesha mfumo kuelewana na kadi. Kwenye Linux mara nyingi unakuta njia mbili. Iko draiva huria, iliyoandikwa na watu wengi, wengine wa kujitolea tu, inakuja na mfumo wenyewe. Na iko ya kampuni iliyotengeneza kadi, imefungwa, huoni ndani. Mimi nilikuwa na ile huria. Ilifanya kazi. Nasema tena kwa sababu ninyi hamsikii mara moja: ilifanya kazi.

Jirani yangu pale machimboni alikuwa Chacha, kijana mcheshi, mchimbaji. Duara likamfukia. Alizikwa, na picha yake pekee iliyobaki nyumbani ilikuwa ile ndogo ya kwenye kadi ya kura. Lakini mimi nilikuwa nimemrekodi kwenye harusi ya dada yake, akicheza mpaka kofia inadondoka, halafu anasogea karibu na kamera na kumsalimia bibi yake aliyekuwa ng'ambo, Kenya.

Mama yake akaja bandani. "Mwanangu," akaniambia, "mama mkwe, yule bibi yake Chacha, anakuja Jumamosi kumaliza matanga. Macho yake yanaisha. Nataka amwone Chacha kabla hayajafunga kabisa."

Nikamjibu, "Mama, Jumamosi saa nane mchana banda ni lako."

Hapo ningenyamaza, nikakaa, ningekuwa mtu. Lakini Alhamisi nilikuwa naonyesha filamu ya ngumi, picha ikawa inakwama kidogo. Mmoja aliyeitwa Marwa, mwendesha karasha ya kusaga mawe, akapaza sauti kutoka benchi la nyuma. "Mura, kijana wewe, huyu anarusha teke au ana malaria?" Banda zima likacheka. Akaongeza, "Ndiyo shida ya vya bure. Weka draiva ya kampuni, ya kiume!"

Marwa alijua nini kuhusu draiva? Hakujua kitu. Kompyuta yenyewe alikuwa hajawahi kuigusa. Na mimi, mjinga mwenye banda, maneno yake yakaniingia kama mwiba. Mkurya ukimcheka mbele za watu umemwasha moto.

Ijumaa asubuhi nikapanda pikipiki hadi mjini, kwenye mtandao. Nikakuta kampuni ina matoleo mengi ya draiva, yamepangwa kwa namba. Sisi dume la ng'ombe la kupandisha tunalichagua kwa nundu, kubwa ndiyo kubwa. Nikachagua draiva hivyo hivyo, namba kubwa kuliko zote, nikaipakua kwenye flashi. Kadi yangu inaitwaje, ya zamani kiasi gani, sikuuliza. Nikarudi bandani, nikaiondoa kwanza ile huria na kuifungia njia isirudi, nikidhani nasafisha uwanja. Nikaweka mpya. Nikazima, nikawasha.

Kioo cheusi.

Nikawasha tena. Cheusi. Video ya Chacha ilikuwa humo ndani, nzima kabisa, ila sikuwa na nakala mahali pengine, wala sikujua njia ya kuitoa. Mwita nikampigia, simu haipatikani, kumbe amesindikiza mzigo wa mteja hadi Kisumu.

Jioni ile akaingia Mzee Nyamhanga kuchaji simu. Kazi yake ilikuwa kupiga matimba, yale magogo yanayozuia kuta za duara zisianguke. Kompyuta kwake ilikuwa sanduku tu. Akanikuta nimeshika kichwa, akauliza, nikamweleza.

"Ile ya kwanza ilikuwa imekufa?"

"Hapana, tata, mzee wangu. Ilikuwa inakwama kidogo."

"Ukaing'oa."

"Ndiyo."

"Kabla hujajua hii mpya inashika?"

Nikabonyeza tena kitufe cha kuwasha.

"Mura, mimi nikikuta gogo limeanza kuchoka, napigilia jipya pembeni yake. Nalisukuma, nalipiga nyundo, nalala hapo chini nikilisikiliza. Likishika, ndipo natoa la zamani. Wewe umeng'oa gogo watu wakiwa chini, kwa sababu Marwa amecheka. Na Marwa mwenyewe hayupo chini." Akachomoa simu yake, haijajaa hata nusu, akaondoka. Hakuniaga.

Jumamosi saa nane watu walikuja. Sikuwa na ujasiri wa kuwazuia mlangoni. Bibi akawekwa benchi la mbele, mbele ya kitambaa cheupe kisicho na kitu. Nikawa napapasa nyaya nijifanye kuna ninachofanya. Yeye akageuza uso kunitafuta, akasema taratibu, "Nanyi mniambie akianza."

Hakuanza. Jumapili walimrudisha Isebania.

Jumatatu Mwita akaja. Alitazama muda mfupi tu, akaanza kunisema kwa Kiswahili chao cha ng'ambo. "Sasa wewe, hii kadi ni ya zamani. Hiyo draiva mpya haiitambui tena, wameshaiacha. Kama ulitaka ya kampuni, kuna toleo lake la zamani, na mfumo wenyewe ungekuonyesha. Hukuangalia? Na tena ya nini? Ile huria ilikuwa inatosha. Ile filamu ya ngumi ndiyo nzito, ungeipunguza tu." Akarudisha ile huria. Kioo kikawaka, Chacha akacheza, kofia ikadondoka. Tulikuwa wawili tu bandani.

Bibi alirudi wakati wa mavuno. Macho yalikuwa yamefunga yote mawili. Niliwasha hata hivyo, mama yake Chacha aliomba. Bibi akainamisha kichwa upande wa spika, na salamu ilipofika akaitikia, "Marahaba, mjukuu wangu." Kisha akauliza, "Amevaa nini?" Mama akaanza kumweleza, akashindwa kumaliza. Nikamalizia mimi.

Basi mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao. Jua kwanza jina la kadi yako, mfumo utakwambia ukiuuliza. Draiva ichukue kwenye hazina ya mfumo wenyewe, yaani ghala lake la programu, si kwenye kurasa za kuokota. Kama kazi yako ni kuandika barua na kutazama video, huria inakutosha, na haina aibu yoyote kuwa ya bure, hata mvua ni ya bure. Kama una michezo mizito au kazi kubwa ya kuhariri, chukua ya kampuni, lakini toleo linaloijua kadi yako, na ujue kwamba mfumo ukijisasisha huenda ikagoma, kwa hiyo jifunze njia ya kurudi kabla ya kwenda. Weka nakala ya vitu vyako. Usibadilishe kitu kama kesho yake kuna mtu anakungoja. Na anayekucheka, muulize kwanza kama amewahi kutengeneza hata kompyuta moja.

Mungu akuzidishie subira kuliko mimi, aibariki kazi ya mikono yako, na kila anayekuja kwako akiwa na ahadi yako, asiondoke mikono mitupu. Amina.