Dume Jekundu Ufukweni

Wifi yangu Neema alipelekwa Dar na mumewe kwa gari, akajaza picha kwenye status: mara yuko ufukweni, mara anaporomoka na wanawe kwenye mitelezo ya maji huko bustani ya michezo. Mimi nazitazama huku nawakaangia madereva wa malori chipsi, hapa Mikumi. Niliona wivu, jamani.

Wiki iliyofuata mama mkwe aliniita kijijini kwake Mvumi, jirani na Kilosa, nikamsaidie shamba. Nikamwambia nami naenda Dar. Kumbe nilijificha kwa dada yangu, Kilosa mjini. Nikashuka mtoni kwenye mchanga, nikavaa miwani ya jua, nikajipiga picha maji yakiwa nyuma. Nikaandika: "Bahari tamu! Wenye wivu, poleni." Neema mwenyewe akauliza ni ufukwe gani. Nilivimba kichwa!

Jioni simu ikaita. Mama mkwe, mfugaji tangu utotoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Picha nimeiona. Hapo nyuma yako linakunywa maji dume letu jekundu la ng'ombe, lile la pembe moja. Tunalitafuta tangu juzi. Ukitoka huko Dar, njoo nalo."