Milango Kumi na Minne ya Taratibu

Tulimwita Taratibu, na jina hilo nilimpa mimi, kwa kejeli. Siku yake ya kwanza karakanani alisugua mlango mmoja wa kabati kwa msasa tangu asubuhi hadi saa sita, nikawaambia wenzangu kwamba huyu akipewa kabati zima atazeekea humu. Wakacheka. Ila rangi ilipokauka, mlango ule ulikuwa laini kuliko wangu wowote, na tangu hapo nikakosa raha.

Mimi nimepiga rangi miaka kumi na tisa. Tina ya kuyeyushia rangi imenichubua viganja mpaka kila mara najipaka mafuta ya mgando ili vidole vikunjike. Yeye kaja juzi tu, baada ya kumuuguza mama yake miaka mingi, na kazi alijifunza kwa marehemu baba yake, aliyekuwa akipaka vitanda rangi uani kwao. Wakati wa chakula alikaa peke yake akisoma maandishi ya kwenye makopo ya rangi, neno kwa neno. Hata mke wangu alipopita siku moja kuniletea funguo, alishika mlango uliokuwa mbele yake, akasema, "Leo umejitahidi." Ulikuwa wa Taratibu. Sikumsahihisha.

Kisha bosi akatangaza kwamba anatafuta msimamizi wa chumba cha rangi. Akampa Taratibu milango kumi na minne ya jikoni kwa mteja mmoja mkorofi: ikitoka salama, nafasi ni yake. Nafasi hiyo nimeisubiri tangu nywele zangu zikiwa nyeusi.

Jioni alimaliza kusugua, akaifuta kwa tina, akaiacha ipigwe rangi asubuhi. Alipokwenda kunawa, nikaingia nikaipapasa yote, nikitafuta mkwaruzo, kinundu, chochote. Sikupata kitu. Nikaenda nyumbani nimenuna.

Asubuhi rangi ikagoma. Kwenye kila mlango iliachana hapa na pale na kubakiza vishimo vidogo, mbao ikichungulia chini yake. Sitadanganya, nilifurahi. Bosi alimpa mpaka Ijumaa, la sivyo kazi ingehamia kwangu.

Taratibu hakulalamika. Alimwaga maji yaliyokuwa kwenye kompresa, mashine ya upepo wa kupulizia rangi. Akabadilisha kopo, akaichuja rangi mpya kwa soksi ya nailoni. Akakwangua, akasugua, akafuta, akapiga upya. Vishimo vikarudi. Na mimi kila jioni nilikwenda tena kupapasa, nikijiambia naangalia tu.

Alhamisi akaniita chumbani. Alikuwa ameegemeza mlango ukutani na kuweka taa ubavuni mwake, mwanga ukapita juu ya rangi na kila kishimo kikajitokeza.

"Kaka, naomba uweke mkono wako hapa."

Nilijua kabla sijauinua. Hata hivyo niliuweka. Vishimo vitano vilikaa chini ya ncha za vidole vyangu, vingine vikajaa chini ya kiganja. Hakikubaki hata kimoja nje.

"Ni mafuta," alisema, bila kupandisha sauti. "Nilikuwa nakuona dirishani. Nikajua unanikagua ili uniambie nilipokosea. Nikawa nasubiri uniambie."

Nikakosa pa kuificha mikono yangu. Nilitaka kuomba radhi, nikajikuta nasema rangi za siku hizi ni dhaifu.

Bosi akaingia, akauliza kama tatizo limejulikana. Taratibu akamwambia ni mafuta, yaligusa mbao kabla ya rangi.

"Yametoka wapi?"

Taratibu alichukua kitambaa, akakilowesha tina, akaanza kufuta.

"Nimeshajua, bosi. Hayatarudi. Kesho utapata milango yako."

Alipata nafasi. Sasa yeye ndiye anayenigawia kazi kila asubuhi, na bado ananiita kaka. Penye sinki la chumba cha rangi ameweka kipande cha sabuni, na hajawahi kusema ni cha nani. Nimejaribu kumchukia, sipati pa kuanzia. Angenitaja siku ile, ningepata pa kuanzia.

Kusugua kama yeye nimeanza kujifunza. Lakini ningekuwa mimi ninayeulizwa na bosi, ningemtaja kabla hajamaliza swali. Hapo ndipo ninapomwonea wivu mpaka leo.