Nyundo Iliyonyamaza

Shemeji yangu alipewa dawa mbili na watu wawili waliosomea kazi hiyo, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza anatumia nini kingine. Huo ndio udhalimu ninaouandika, maana nusura umuue.

Ni fundi makochi. Misumari midogo ya kubana kitambaa huishika mdomoni, akiisukuma kwa ulimi mmoja mmoja hadi kwenye midomo, ili mkono huu uvute kitambaa na ule upige nyundo. Wateja humwita Mdomo-Chuma. Miaka ya kuinama ilimkaza mgongo. Zahanati ikampa vidonge vya kulegeza misuli. Maumivu yalipozidi akaenda hospitali, akaandikiwa dawa kali ya maumivu, ya jamii ya mofini. Kote alitoka na bahasha ndogo yenye maneno yaleyale: kimoja, kutwa mara mbili. Akatii. Akavimeza pamoja.

Mchana ule nilikuwa nimeketi karakanani kwake. Mkewe, ambaye ni mdogo wangu, alikuwa akishona foronya kwa cherehani upande wa pili.

"Shemeji, leo umechangamka kama gunia," nilimtania.

Hakujibu, mwenye misumari mdomoni hajibu.

"Usimchokoze, dada," mdogo wangu alisema bila kuinua kichwa. "Hii ndiyo saa pekee ninayopata amani."

Nyundo ikagonga, ikakawia, ikagonga tena. Kisha ikakawia mno. Cherehani ikasimama, mke alikuwa amesikia kabla yangu.

Fundi alikuwa ameegemea mkono wa kochi, kidevu kifuani, midomo imegeuka kijivu. Alivuta pumzi moja ya kukoroma, kikafuata kimya ambacho nilidhani hakitaisha.

"Baba watoto, tema. Tema misumari."

Hakutema. Tukamlaza kwa ubavu, mdogo wangu akapitisha kidole ndani ya shavu na kuichomoa, mmoja baada ya mwingine, huku mimi nikimsugua kifua kwa nguvu. Kila msumari ulipolia sakafuni nilitega sikio, nisikie kama pumzi nyingine imefuata.

"Usilale, shemeji. Kochi la watu halijaisha."

Jirani anayebeba samani kwa pikapu akatukimbiza hospitali. Muuguzi akamchoma sindano ya kutengua nguvu ya dawa ya maumivu. Fundi akafumbua macho, akauliza nani amechukua misumari yake. Mdogo wangu ndipo alipolia.

Daktari alitueleza kwa sauti ya chini. "Zote mbili huleta usingizi, na zikikutana hudidimiza pumzi. Wakati mwingine tunazitoa pamoja, ila kwa dozi ndogo, daktari mmoja akizijua zote, na nyumbani pawe na mtu wa kumwangalia mgonjwa. Pombe asiguse kabisa."

"Nani alipaswa kutuambia hayo?" mdogo wangu aliuliza.

Daktari aliitazama bahasha ya vidonge ambayo mdogo wangu alikuwa ameishika. "Sisi."

Neno hilo halikunilainisha. Nilikwenda na mdogo wangu zahanati na hospitali, tukazungumza na wakubwa wao uso kwa uso, wala hatukukubali kuketishwa kwenye benchi na kusahauliwa. Fundi amebaki na dawa moja na mazoezi ya mgongo, naye siku hizi hupiga nyundo akiwa amesimama.

Tangu Jumatatu, tarehe 6 Machi 2023, dirisha la dawa la zahanati ile halimkabidhi mtu kidonge cha kulegeza misuli kabla ya kumuuliza ni dawa gani nyingine anazomeza nyumbani.