Barua Ambayo Baba Hakuiandika

Baba yangu alikuwa katekista kwa miaka thelathini na nane, na kigango kizima kilimwita Bwana Kanuni, mbele yake na nyuma yake. Alifundisha watoto komunyo, alisuluhisha wanandoa, na padri alipokosekana alizika watu yeye mwenyewe. Sisi nyumbani tulipata makombo: baba amechoka, sauti imemkauka, anaulizia soksi.

Kanuni yake kubwa ilikuwa moja. Asiyehudhuria sala za jumuiya haandikiwi barua na katekista, na bila barua hiyo paroko haji kuzika. Kaka yangu hakuhudhuria. Alikuwa seremala, Jumapili alilala mpaka saa sita, na alimtania baba kwamba mbinguni ataingilia dirishani, kwa kuwa ndiye atakayekuwa amelitengeneza. Alipokufa kwa ugonjwa wa ini, baba alikwenda parokiani, akarudi akatuambia paroko amekataa. Wajomba walimzika bila sala. Mama aliapa kutompa paroko yule mkono, na kwa miaka tisa hakumpa.

Jumapili iliyopita walimuaga baba ukumbini. Walimvisha kanzu mpya, wakampa kiti cha kuegemea na cheti chenye fremu. Mama alikaa kando yake shingo upande, maana mgeni rasmi alikuwa paroko yuleyule, sasa mstaafu. Paroko, mzee wa watu, alisimama kumsifu baba kwa nia njema kabisa.

"Huyu hakupendelea hata damu yake," alisema. "Mwanawe alipofariki nilimwambia, niandikie mistari miwili tu, nakuja. Akanijibu, 'Padri, wa wenzangu niliwanyima.'"

Watu wakapiga makofi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Mama alimgeukia baba, akaongea taratibu kama anayeuliza ufunguo uko wapi.

"Kumbe ni wewe."

"Mama watoto, wale wengine ningewatazama vipi?"

"Ungenitazama mimi."

Akachukua mkoba wake, akaondoka. Mshereheshaji, ambaye hakuwa ameona kitu, akampa baba kipaza sauti atoe shukrani. Baba alisimama, akashika mgongo wa kiti kipya. Nilimchukia na nilimhurumia kwa pamoja. Alitafuta maneno, yeye ambaye makaburini hakuwahi kuyakosa. Kisha akaanza sala ya kumzika marehemu, akalitaja jina la kaka lote, la ubatizo na la ukoo. Waumini wakaitikia kwa mazoea. Mama alikuwa keshafika barabarani.