Zamu Yangu Kwenye Gemu ya Mwanangu

Baba yake mwanangu alimtumia gemu kutoka Maskati, ile ya kushika mkononi, miezi michache kabla ya kuja kumchukua yeye mwenyewe. Tulikuwa tumeshaachana. Wazee wa pande mbili walikaa barazani kwetu, mtaa wa Mkomani, wakanywa kahawa yangu, wakakubaliana kwamba binti akasome kwa babake. Mimi niliambiwa baadaye, vikombe vilipokuwa vikirudishwa ndani.

Wiki ile ya mwisho nilitaka kukaa na mwanangu tu. Yeye alitaka gemu. Nikaona potelea mbali, nikamwomba anifundishe.

Sharti lake lilikuwa moja: ukifa, unampa mwenzako. Ndani ya gemu kulikuwa na kijitu chenye kofia kinachozunguka kijijini, kinaingia nyumba za watu, kinavunja mitungi na kuchukua dhahabu iliyomo. Mwanangu aliingia kwa kishindo, akavunja, akaumwa na joka, akafa, akacheka. "Zamu yako, mama!" Kufa kwake hakukuwa kitu.

Mimi nilipofika mlango wa kwanza nikasimama. Kidole kilikataa. Nimelelewa kupiga hodi mara tatu, na nisipoitikiwa nirudi nilikotoka.

"Mama, wangoja nini? Ingia, ndia ni hiyo!"

"Naingiaje, na mwenyewe hayaitika?"

Alicheka mpaka akajilaza mkekani. Joka likanikuta pale pale nje. Kesho yake nikajikaza nikaingia, lakini nikawa napita kando kando ya mitungi nisije nikavunja cha mtu. Alinitazama kwa huruma, akaichukua gemu mikononi mwangu.

"Lete, nitakutezea miye."

Sikubisha. Nilikuwa nimempata karibu, kichwa chake begani kwangu, nywele zikinukia mafuta ya nazi. Nikajiambia kwamba huko aendako, kila akiiwasha gemu hii, atanikumbuka mimi na ujinga wangu. Hilo tu ndilo nililolitaka. Mengine yote yalikuwa yameshaamuliwa na watu wasioniuliza.

Siku ya safari babake alitungoja gatini, wavuke kwa mashua kwenda uwanja wa ndege wa Manda. Gemu nilikuwa nimeizungushia leso yangu, nikaitia ndani ya mkoba wa mwanangu pamoja na waya wa chaji. Akaufungua mkoba, akaitoa, akanipa.

"Kaa nayo, mama. Baba meninunulia mpya, kubwa kuliko hii."

Alilisema kwa furaha, akidhani ananipa zawadi, na kwake ilikuwa zawadi kweli. Kisha akashuka ngazi bila kugeuka, akimuuliza babake kama huko nako kuna paka. Nilibaki nimeishika kwa mikono miwili, nikitaka kumwita. Siku zote alikuwa akinipa ikiwa imeshawaka. Sikujua hata inawashwa wapi.