Nyuki wa Dari Moja

Nilipokuwa mtoto, nyumba yetu ya Bondeni ilivuma. Sisemi kwa mafumbo, mafumbo siyapendi. Kundi la nyuki wa porini lilikuwa limepenya kwenye mwanya wa mabati, likajenga masega darini, juu kabisa ya ukuta tuliogawana na jirani. Mvumo ule haukukuachia nafasi. Unakaa, unasimama, unatoka nje, unarudi. Uji ulipoa kwenye bakuli tukiangalia juu.

Hiyo ni miaka ya hamsini, baba akiwa mtu wa reli, leo yuko Nakuru kesho yuko Kisumu. Bwana nyumba wa kanjo, yaani baraza la mji, alikuja, akachungulia bila kuvuka kizingiti, akasema Jumamosi atamwaga sumu. Sisi tutoke na vyombo vyetu, na kurudi hakutuahidi, kwa sababu wenye kutaka nyumba walikuwa wengi.

Mama akatuma neno kwa kaka yake huko msitu wa Mau. Mjomba Kiprop alikuwa mtu wa mizinga na majigambo. Alishuka Ijumaa kwa lori la mbao, mzinga wa gogo la mtarakwa begani.

"Hawa ni ng'ombe zangu zenye mabawa, dada," akasema. "Leo wanahama."

Lakini kabla ya kupanda, alikuwa na swali. Kwa wazee wa upande wa mama, nyuki walioingia nyumbani hawatolewi ikiwa walio chini ya paa lile wana kinyongo. Husikia harufu yake, hukataa mzinga, huua mtu.

"Kuna aliyekosana na mwenzake hapa?"

"Hakuna," mama akasema.

Jirani yetu, Bi Mwanaisha, ambaye wazazi wake walitoka pwani, alikuwa amesimama mlangoni pake. "Hakuna," naye akasema, akitazama kuku.

Mimi, Chebet, sikuumbiwa kunyamaza. "Mama, si huo ni uongo! Hujamsalimia Bi Mwanaisha tangu mtoto azikwe."

Mtoto ni ndugu yangu mdogo, aliyekufa kwa homa wakati wa mvua ndefu. Mama alinifinya sikio nikaona nyota mchana. Mjomba alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi. Akaushusha.

"Basi sipandi."

"Kiprop, kesho tunatupwa nje!"

"Heri mtupwe mkiwa wazima. Na huu uso wangu bado unatafuta mke."

Akakaa juu ya mzinga wake, akatoa ugoro. Jua likaanza kushuka. Mama alifagia uani palipokwisha kufagiwa, akaingia, akatoka, akafagia tena. Bi Mwanaisha hakuondoka mlangoni. Nami nilikuwa nazunguka kama kifaranga, sikio likiwaka moto, nikijua nyumba inatuponyoka na neno la kuiokoa liko kinywani mwa mama.

Mwishowe alisema akiwa ameinama, ufagio mkononi. "Ulimpakata. Ukasema, 'Mtoto huyu amenenepa.' Jioni ile ile akaanza kuchemka."

"Nilisema mashallah, Mama Chebet. Wallahi nilisema."

"Sikusikia."

"Ulikuwa unacheka, ungesikiaje?" Sauti ya Bi Mwanaisha ilipasuka. "Na aliyemwogesha mara ya mwisho ni nani, wakati wewe huwezi hata kusimama? Nimtupie jicho, kisha nimwogeshe kwa mikono hii?"

Mama akaketi chini, pale pale mavumbini. Sijawahi kumwona akilia vile tena. Bi Mwanaisha alikuja akaketi kando yake, na kanga yake safi ile ile.

Mjomba aliinuka juu ya mzinga. Alitoa kipande cha sega mkobani, akawagawia. Wakala, wakatema nta kwenye jiko la makaa. Ndipo alipowasha magome ya mti, akapanda na moshi wake. Alikata masega polepole, akayapanga ndani ya gogo, akiwatukana nyuki kwa mapenzi makubwa. Alipompata mama yao na kumtia mzingani, wengine wakamfuata kama watu waliochelewa kanisani.

Hakuumwa mtu ila mama, kwenye mdomo.

"Kale kakinyongo kamebaki kidogo, dada!" Mjomba akacheka kutoka juu.

"Kamebaki," mama akasema. Yeye hakucheka.

Jumamosi bwana nyumba alifika na debe lake, akasimama akisikiliza kimya cha dari, akaondoka nalo.

Shule sikukaa sana. Nilijifunza kusoma kwa magazeti yaliyofungiwa sukari, na moja liliandika kwamba nyuki hunusa jasho la mwenye hofu. Huenda. Mjomba naye, ukiniuliza, alikuwa na hofu, ndiyo maana alitaka kwanza watu watulie chini yake. Lakini gazeti halikuwa uani petu siku ile. Baada ya hapo mama alimsalimia Bi Mwanaisha kila asubuhi, nyingine kwa moyo, nyingine kwa meno. Hako kalikobaki hakakuisha upesi, ila hakakufichwa tena.

Watu husema mimi ni mkali, nasema mambo kabla hayajaiva. Na waseme. Nikimeza neno, hata leo na uzee huu, siwezi kukaa. Nasimama, natoka nje, narudi, naangalia juu. Naisikia dari ikivuma.