Kichwa cha Samaki na Kiti cha Wadi

Mume wangu alitangazwa mwakilishi wa wadi yetu. Kaka yangu, aliyeshindwa naye, akaenda kortini kudai kura zilihesabiwa vibaya. Mimi nikabaki katikati, mke wa mlalamikiwa na dada wa mlalamikaji. Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Sina shamba, nikachukua ukili nikasuka. Jamvi lilirefuka hadi likatoka mlangoni.

Siku za kesi tulikwenda korti ya Amu kwa boti moja, maana kijijini kwetu Kipungani hapakuwa na nyingine asubuhi. Walikuwa hawasemezani, wakanifanya mimi tarishi.

"Mwambie mumeo amekanyaga kanzu yangu."

"Mwambie kakako aikunje."

Nami nimekaa baina yao! Nilitamani kuwatosa wote wawili.

Lakini kilichonitia hofu hakikuwa kiti, ni sinia. Kila Ijumaa baada ya swala tulikula kwa mama, wanaume sinia moja, na kichwa cha samaki huwekwa mbele ya mkubwa wao. Tangu baba afariki, mkubwa alikuwa kaka. Sasa mume wangu akakitazama kile kichwa, akasema mheshimiwa ni yeye. Kaka akajibu kwamba mheshimiwa bado hajajulikana. Mikono ikasimama juu ya wali.

Mama akainama, akakichukua kichwa, akakitia kwenye sahani yake.

"Kitwa hiki ntakula mimi, mpaka korti ikate maneno. Nanyi kulani."

Kesi ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, na kila Ijumaa mama alikifyonza kichwa mpaka macho. Sijapata kumwona mtu akiombea mahakama ichelewe kama yeye.

Hatimaye hakimu akaamua kiti ni cha mume wangu. Kaka alitoka kortini bila kuniaga, na iliniuma. Ijumaa iliyofuata nilipika kwa mama roho juu, nikijua asipokuja siku hiyo hatakuja tena. Alikuja, amechelewa na amenuna, akakaa kando ya mkeka bila kunawa. Mume wangu, bila haya, akanyoosha mkono kwenye kichwa cha samaki.

Mama akaupiga kwa mwiko.

"Wata! Mimi nimekata rufaa."

Wa kwanza kucheka alikuwa kaka. Alicheka hadi akafuta machozi, kisha akaniomba maji ya kunawa.